Nyota Kubwa Kuliko Jua

Kila harufu ya miwa inayochomwa kabla ya kuvunwa mashambani Ruhembe inapoingia dirishani, hasira yangu hurudi upya. Siku moja nikiwa mwanafunzi, nilisema darasani kwamba Siriasi, nyota inayong'aa kuliko zote usiku, ni kubwa kuliko jua, ila iko mbali mno. Nilikuwa nimesoma kitabuni.

“Kubwa kuliko jua?” mwalimu aliuliza. “Basi mwambie mama yako aanike mahindi usiku!”

Darasa zima lilicheka. Akanipa ufagio nifagie masizi ya miwa uwanjani mpaka nikiri kosa. Kila nilipofagia, mengine yalidondoka kutoka angani, yakanata kwenye jasho langu.

“Haya, nyota yako ni kubwa?”

“Ni ndogo, mwalimu.”

Mwalimu nakaribia kumsamehe. Mimi niliyesema “ndogo”, bado sijajisamehe.