Ardhi Isiyo na Juu wala Chini

Mama yangu alizaliwa milimani, Uluguru, akaolewa huko huko, akalima kwenye mteremko maisha yake yote mpaka mwaka juzi alipoteleza akavunjika mkono. Baba alikuwa ameshafariki. Nikaenda kumchukua, nikamleta kwangu Misugusugu kwa makubaliano kwamba atakaa mpaka mkono upone. Makubaliano hayo yalikuwa ya mdomoni tu. Moyoni nilikuwa nimeshaamua kwamba harudi tena kuishi peke yake kule juu.

Siku ya kwanza aliuzunguka uwanja wangu, mkono umening'inizwa shingoni, akauliza hii ni ardhi gani isiyo na juu wala chini, mvua ikinyesha maji yatajuaje pa kwenda. Nikamwambia huku watu wanagombania tambarare. Akanitazama kwa huruma.

Mkono ulipopata nafuu akapanda mchicha. Nami nikaanza kumpeleleza kwa mazao yake: mchicha ni wiki tatu, kwa hiyo mgeni wangu ana safari. Kila Jumapili alimpigia simu jirani anayelima chini ya shamba lake, kumuuliza kingo za ngazi zimekaaje. Milimani shamba huchongwa ngazi, na ngazi isipotunzwa humporomokea mwenzio wa chini. Mama aliliogopa jambo hilo kuliko ugonjwa. Masika yalikaribia, na begi lake lilikuwa limeshatoka uvunguni.

Nikatumia hila. Mama mkwe wangu ana shamba la mihogo kwenye kilima huko Kisarawe, nikampeleka Mama akamsalimie. Salamu hazijaisha akawa ameshauliza ni nani aliyelima matuta yanayoshuka pamoja na maji. Alikuwa ni mwenyeji wake mwenyewe. Mama akasema, kwa adabu zote, kwamba udongo huu unasafirishwa bure mpaka bondeni, akaomba jembe.

Wiki mbili nzima alilala huko kwa mama mkwe. Kwa mkono mmoja na nusu akachonga ngazi tatu, zimenyooka utadhani zimepigwa rula. Mvua ya kwanza ikazilaza zote kama uji uliomwagika. Alisahau, au hakutaka kujua, kwamba udongo wa pale ni kichanga, haushikamani kama ule mwekundu wa kwao. Mama mkwe hakucheka. Alimletea chai, akamwambia taratibu, "Mkwe, kilima chetu hiki kidogo, hakijazoea makuu." Nadhani hiyo ilimuuma kuliko kicheko.

Hata hivyo walielewana. Mama mkwe akatoa machipukizi ya mananasi, Mama akaonyesha pa kuyapanda, safu kwa safu, kukatisha mteremko, ili mizizi ishike mchanga na majani yapunguze kasi ya maji. Kila mmoja wao alinivuta pembeni kunieleza kwamba wazo lilikuwa lake. Nikawakubalia wote wawili.

Mimi nilikuwa na hesabu zangu. Nanasi si mchicha, linachukua mwaka na zaidi. Nilifurahi mno hata nikashindwa kunyamaza, nikamuuliza Mama haya mananasi atakuja kuyala nani.

Hakuinua kichwa. Alikuwa anashindilia udongo kwenye shina kwa ngumi ya mkono wake mzima.

"Shamba la kule nimempa jirani," alisema. "Nilimwambia Jumapili. Ngazi hazisubiri mtu apone, zingemwangukia yeye."

Ngazi zile alizichonga na Baba kabla mimi sijazaliwa. Miezi yote ile nilikuwa nikimvizia kama mwizi ili asirudi kwake, na sikuwahi hata siku moja kufikiri kwamba kubaki kwake kungekuwa na maana hiyo. Nikakaa chini kwenye mchanga wa mama mkwe, nikalia.

Mama akanitazama. "Sasa unalia nini?" akauliza. "Si ulitaka nikae?"