Ukuta wa Bi Kuluthumu

Evelina kwa usafi hana mpinzani, hilo siwezi kumnyima. Akija kwako akakuta vyombo vichafu, hasemi kitu. Anavuta ndoo na kuviosha mwenyewe, wewe umesimama hapo hujui pa kuuficha uso. Huku kwetu upande wa Bahi mgeni akitarajiwa nyumba hukandikwa kwanza. Hata msiba ukiwa mbichi utawakuta wanawake wanachanganya udongo na samadi, wanapaka kuta ili waombolezaji wasikute pabaya. Evelina ndiye aliyekuwa kinara wa mambo hayo. Kanisani wakamfanya kiongozi wa akina mama, na mimi jirani yake nikawa mtu wa kumbebea ndoo.

Tetemeko lilitukuta katikati ya kiangazi, miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa, wakati maduka ya Bahi yalikuwa yameanza kujaa saruji, mabati na mitumba ya kila aina, nasi tunavitazama tu. Liliangusha nyumba nyingi na kuzipasua nyingine. Tukawa tunalala uani na watoto. Jumapili moja mchungaji akatangaza kwamba vijana wa misheni wanakuja kujitolea, watajenga upya nyumba zilizoharibika, za Wakristo na za Waislamu bila kubagua.

Watu wengine wangesema, afadhali, waje waone tulivyoumia. Evelina yeye alitutoa kwenda kuchimba udongo wa kichuguu. Alisema zilizoanguka zimeanguka, lakini zilizosimama lazima zikandikwe, hatuwezi kuwapokea watu wa Mungu na kuta zimeachama. Nani angembishia? Tulikandika mpaka kucha zikatuuma.

Nyumba ya Bi Kuluthumu aliikandika Evelina mwenyewe. Bi Kuluthumu ni mjane wa Kiislamu, mzaliwa wa Dodoma mjini katika zile koo za wafanyabiashara wa zamani. Huku aliletwa na mumewe, mchuuzi wa mpunga, akafiwa akabaki anauza vitumbua. Krismasi haikupita bila yeye kumpelekea Evelina sahani ya chakula, na Idi haikupita bila Evelina kwenda kumtekea maji. Walipendana kweli. Sasa ukuta wake wa nyuma ulikuwa na ufa tangu juu mpaka chini, mkono unaingia. Evelina akaujaza udongo, akalainisha, akamalizia na majivu. Ukipitisha kiganja hukwami popote.

Vijana wakaja. Kiongozi wao aliitwa Ambokile, kijana mrefu kutoka Mbeya, mpole, anamwamkia kila mtu. Evelina ndiye aliyewazungusha nyumba kwa nyumba kuwaonyesha za kujengwa. Tulipofika kwa Bi Kuluthumu tulimkuta mlangoni na birika.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Karibuni chai."

Ambokile akaizunguka nyumba, akaupapasa ule ukuta wa nyuma, akarudi. "Mama Evelina, na hii vipi?"

Nilimtazama Evelina. Alikuwa na udongo bado kwenye kucha.

"Hii ni nzima," akasema.

Roho mbaya haikuwamo, nitamtetea kwa hilo. Ilikuwa ni haya. Kusema kweli pale kungekuwa kukiri kwamba tumewaficha wageni nyufa kwa matope, tena akiri mbele ya mwenye nyumba. Haya hiyo ndiyo iliyonikera mimi, na inanikera mpaka leo, maana nami nilikuwa nimeshika ndoo nikajifanya hamnazo.

Wale vijana walifanya kazi, jamani. Walichubuka mikono, wakala ugali na mlenda bila kulalamika, wakainua nyumba za matofali ambazo mpaka sasa zinakaliwa. Mwishoni saruji ikabaki. Ambokile akasimama kanisani akauliza kama kuna mtu aliyesahaulika. Evelina akakaza macho kwenye kitabu cha nyimbo. Basi saruji ile ikamwagwa sakafu ya kanisa, ikapigwa ikang'aa, nasi tukaimba.

Mvua za kwanza zilipolowesha ule ukuta, ulimwangukia Bi Kuluthumu asubuhi akiwa anachochea moto wa vitumbua. Tulimfukua yu hai, paja limevunjika. Hospitali wakamfunga mguu, wakamrudisha, lakini kusimama hakusimama tena. Evelina akampokea nyumbani kwake, akampa kitanda chake, yeye akalala mkekani. Kijiji kizima kikamsifu. Mwenyewe kila akisifiwa alikuwa anaondoka.

Kanisani akaacha kuikanyaga ile sakafu. Anakaa nje mlangoni, mchangani, mvua au jua. Mchungaji akahubiri habari zake kwamba huo ndio unyenyekevu. Hapo uvumilivu ukanishinda. Nilimfuata nikamwambia, "Kukaa kwako mchangani hakumwinui mtu kitandani. Mwambie." Akalia mbele yangu, na mimi sikumbembeleza.

Alimwambia mchana, tukiwa wawili tunamwogesha Bi Kuluthumu. Alisema yote, ufa na udongo na lile neno "nzima", na saruji iliyobaki. Akamalizia, "Nisamehe, mama. Wewe hukujua."

Bi Kuluthumu alijifuta maji yaliyokuwa yakimchuruzika shingoni.

"Ukuta wangu mwenyewe nisiujue?" akasema. "Usiku nilikuwa naona nyota katika ule ufa. Ulipokuja kuuziba nikaona unavyofanya kwa mapenzi, nikaona haya kukuzuia."

"Mbona hukumwambia yule kijana?"

"Wageni walikuwa wako, Evelina. Ningekuumbua vipi mbele yao? Nilisimama pale na birika langu nikingoja useme wewe."

Evelina akashika ukingo wa kitanda.

"Haya, maji yanapoa," Bi Kuluthumu akasema. "Nigeuzeni upande wa pili."

Tukamgeuza.