Majani Arobaini na Moja ya Shangazi

Shangazi yangu anafagia zahanati yetu mwaka wa thelathini na mbili sasa, na ile bustani ya miti iliyo nyuma yake ni kazi ya ulimi wake. Zamani pale palikuwa jalala. Alipochoshwa na nzi, alikubaliana na daktari kwamba kila mama anayejifungua pale alete mche mmoja, tena wa aina ambayo bado haipo.

Waume za watu walikoma. Mtu anakuja na mwarobaini wake, kifua mbele, Shangazi anaegemea ufagio: "Huo tunao. Kalete mwingine."

"Jamani Shangazi, natembea tangu asubuhi!"

"Na mkeo ana uchungu tangu jana. Nani amechoka?"

Ndivyo tulivyopata mninga, mvule, mkangazi, na ule mgunga wa miiba ambao mwalimu mkuu aliuleta kwa hasira, mpaka aina mpya zikaisha.

Kosa lilikuwa la mume wa Shangazi, seremala. Alitoboa majina ya miti kwenye vipande vya bati, akavigongomelea kwenye mashina, vikabana kisawasawa. Seremala mzima hakukumbuka kwamba mti hunenepa. Miaka ilipopita magome yakafumba, vipande vyote vikamezwa.

Ndipo afisa ardhi akaja, akatuambia lile ni pori, litafyekwa liwe maegesho ya malori. Kama ni bustani, basi tumpelekee orodha ya kila mti kwa jina lake kabla ya Ijumaa.

"Nitavifukua vile vipande vya bati kwa patasi," seremala akasema.

"Uwachune ngozi wanangu? Thubutu!"

Alhamisi, Shangazi alipomaliza kufagia, hakuyatupa majani. Alichagua moja la kila mti, akayatia kapuni, tukaenda ofisini. Akayapanga juu ya mafaili ya afisa, safu kwa safu, kama miti ilivyosimama. Yeye akataja jina la mti na mzazi aliyeuleta, mimi nikaandika. Majani arobaini na moja, hakukwama hata mara moja.

Afisa akaokota mawili yenye vijani vidogo kama manyoya, akatabasamu. "Mama, haya si ya mti mmoja?"

"Acha kutazama, gusa. Hili ncha zake zinachoma, ni mjakaranda. Hili zimeviringana, ni mkrismasi. Nayatoa kwenye nyufa za saruji kila siku ya Mungu, leo wewe ndiye unifundishe?"

Akagusa. Tarishi mlangoni akaangua kicheko.

Mchana ule ule afisa alikuja na orodha yetu, akapita mti baada ya mti, jasho linamtoka. Yote arobaini na moja ilikuwepo. Akaegemea mvule, akaandika juu ya karatasi: Bustani ya Miti ya Jamii, isikatwe. Akagonga muhuri. Chini akaandika jina la Shangazi, na mbele yake "mfagiaji".

"Futa," nikamwambia. "Andika mwenye bustani."

Akanitazama, akamtazama Shangazi, akafuta, akaandika upya.