Winga wa Denmark na muhogo wa mama yangu

Jumapili, mwezi wa pili. Asubuhi mvua ilipiga sana hapa kijijini kwetu Kagerankanda, mchana ikakata, likatoka lile jua la kuunguza shingo.

Habari za mapumziko wakuu. Mimi si mwandishi, shule niliishia la saba, mtanivumilia. Ninayoandika nimeyaona mwenyewe. Pale nisipokuwa na uhakika nitasema sina uhakika.

Kuna winga mmoja wa Denmark kastaafu mpira wiki hii. Jina silitaji, hajanipa ruhusa. Tumwite Bahati.

Kazaliwa Kongo, kakulia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu. Siku za soko alikuwa anakuja na mama yake kuuza vitenge, halafu anamtoroka anakuja uwanjani kwetu.

Mimi nilicheza namba tatu, beki wa kushoto. Yeye alikuwa mbele yangu, kumi na moja.

Sasa uwanja wetu ulikuwa wa mteremko, na kona ya kushoto haikuwa na kibendera. Ilikuwa na shamba la muhogo la mama yangu.

Sheria ya mama ilikuwa moja. Mpira ukiingia shambani anaukalia mpaka aliyeupiga alime tuta. Haangalii wewe mtoto wa nani. Hata mimi nimelima.

Mara ya kwanza Bahati alijitetea kwa Kiswahili chao cha Kongo: "Maman, pardon, ballon imeenda yenyewe."

Mama akamjibu, "Ina miguu? Basi ije ilime yenyewe."

Akalima. Alipomaliza mama akampa ugali, maana mama hawezi kuona mtu katoka kulima halafu aondoke na njaa. Ikawa ndiyo kawaida. Karibu kila soko Bahati anaharibu muhogo, analima, anakula kwetu.

Baadaye akajanjaruka. Akikaribia shamba anakata ndani ghafla, anapiga kwa mguu wa kulia. Tukaanza kushinda mechi.

Mama akaniuliza, "Yule Mkongo mbona siku hizi haji?"

"Mama, kashajua mpira."

"Kwa hiyo mtu akijua mpira anaacha kula?"

Siku moja ya soko alipata mpira, hakuna wa kumkaba, akanyoosha nao moja kwa moja mpaka ndani ya muhogo. Tulimtukana sana. Akalima tuta, akala, akaaga.

Soko lililofuata pale pa mama yake palikuwa wazi. Wakatuambia familia imepata safari ya Denmark.

Kama alifanya makusudi siku ile, sijui. Sikuwahi kumuuliza.

Miaka ikapita, nikaja kumwona kwenye simu. Alianzia timu ya vijana, akapanda timu kubwa, akapewa uraia wa kule. Baadaye goti likamsumbua, akauzwa timu ndogo, akapambana akarudi juu. Si staa wa dunia, tusidanganyane. Lakini kwa sisi tuliocheza kwenye mteremko ule, kafika mbali.

Nilikuwa natafsiri comment za mashabiki wake. Lawama ilikuwa ileile: mbona huyu hafiki mwisho wa uwanja, kila mara anakata ndani mapema?

Uwanja wao umenyooka kama meza. Kona ina kibendera. Mimi kila akikata ndani nilikuwa naona majani ya muhogo.

Kibondo ninakotengeneza pikipiki wenzangu wananitania: "Keshakuwa mzungu huyo, wewe hakujui." Kweli nimemtumia meseji, hajawahi kujibu. Lakini na mimi niwe wa haki. Mtu anapokea meseji kibao, na yangu ilisema tu "Mambo, mimi namba tatu." Ningekuwa yeye labda nisingejibu.

Jana nilirudi nyumbani na clip ya mechi yake ya mwisho. Mama macho yamechoka, anaishika simu mbali kabisa.

Dakika za mwisho Bahati akapata mpira kushoto, hakuna wa kumkaba. Nikamwambia mama, "Angalia, sasa hivi anakata ndani."

Hakukata. Akanyoosha nao mpaka ukatoka nje, ukagonga mabango. Uwanja mzima ukaguna. Yeye akasimama palepale, mikono kiunoni, anacheka peke yake. Halafu akaomba kutolewa.

Mama akanirudishia simu. Akasema, "Huyo ana njaa." Akanyanyuka kwenda jikoni.

Inawezekana ni miguu tu, imechoka. Sitaki kumwekea mtu mawazo ambayo hana. Ila ile clip nimeirudia mpaka bando limekata.

Nilichojifunza ni kidogo: kutokujibiwa si lazima kuwe kusahauliwa. Huenda najifariji. Wenye kubisha mbishe, sitakasirika. Na nyie mliocheza na mtu akaenda mbali, mlijuaje kama bado anawakumbuka?

Jioni tumekula ugali wa muhogo na samaki, migebuka. Mama alisonga wa watu watatu. Tuko wawili.