Miaka Mitatu Aliyopunguziwa Teryo

Katika gofu, mtu akitimiza miaka hamsini ni kama amezaliwa upya. Anawaacha vijana wanaopiga mpira mpaka unapotea machoni, anaingia kwenye mashindano ya wakongwe, ambako kila mtu ana kitambi na goti bovu, na mkono uliotulia unalishinda bega lenye nguvu. Eleuterio Dalagan, ambaye mkoa mzima wa Bukidnon, huko Ufilipino, unamwita Teryo, aliingojea siku hiyo miaka kumi. Ilipofika, wakamwambia bado mdogo.

Mdogo! Mtu mwenye wajukuu wawili, na mgongo ambao kila asubuhi mkewe Pilita anausugua kwa mafuta ya nazi na tangawizi ndipo aweze kuvaa soksi. Mgongo ule ulikuwa umebakiza misimu miwili, ukijitahidi sana mitatu.

Alizaliwa Machi 1974 katika nyumba za wafanyakazi wa shamba la mananasi. Baba yake alikuwa mkata nyasi wa kilabu cha gofu cha pale. Kama ilivyo desturi, mtoto alitafutiwa baba wa ubatizo mwenye uzito wake, naye akawa Don Amancio Villarba, kijana wa ukoo wenye kilabu. Ndiye aliyempakata kanisani, akatia saini kwenye kitabu cha padri. Tangu apate akili, Teryo alimwita Ninong, baba wa ubatizo, na kila walipokutana aliuchukua mkono wake akauweka kwenye paji la uso wake kuomba baraka.

Cheti cha kuzaliwa cha serikali hakuwa nacho, na wala hakuwa peke yake. Alikatiwa akiwa na miaka kumi na tisa, kilabu kilipotamani kombe la taifa la vijana wasiozidi kumi na minane.

"Dong, ulizaliwa mwaka gani vile?" Ninong alimuuliza. Dong ndivyo kule wanavyomwita kijana.

"Sabini na nne, Ninong."

"Sabini na saba," Ninong akasema huku akicheka. "Ndevu zenyewe huna. Nani atauliza?"

Hakuuliza mtu. Karani mmoja akaandika, muhuri ukagongwa, na Teryo akaenda akawachapa watoto wa watu. Kombe likawekwa kwenye kabati la vioo, jina lake likaandikwa kwa rangi ya dhahabu kwenye ubao wa ukumbini. Ninong akatoa hotuba ndefu kuhusu malezi. Mwenyewe Teryo alipewa viatu.

Kwa miaka thelathini alicheza gofu ya kulipwa, Davao, Jakarta, Bangkok, yeye na wenzake wakilala wanne chumba kimoja, wakila wali na samaki mkavu. Nyota hakuwahi kuwa. Safari moja tu aliongoza mpaka shimo la mwisho, na hapo, alipoweka fimbo nyuma ya mpira kwenye nyasi ndefu, mpira ukasogea kidogo. Hakuna aliyeona. Teryo akainua mkono, akajihesabia pigo la adhabu, akashindwa kwa pigo hilohilo moja.

"Sasa nani alikuona?" Pilita alimlalamikia.

"Mimi."

"Haya, kale hayo macho yako."

Huyo ndiye mtu waliyekuja kumwita mwongo.

Ofisi ya mashindano ya wakongwe iko ndani ya kilabu kilekile, na mwenyekiti wa kamati ni nani kama si Don Amancio, sasa na miaka sabini na saba. Katibu, Bi Herminia, aliitazama fomu, akakitazama cheti.

"Manong Teryo," akasema, kwa heshima ya kaka mkubwa, "hapa una arobaini na saba. Rudi baada ya miaka mitatu."

Akaenda kwa padri, akaletewa kitabu cha ubatizo, akapewa nakala yenye muhuri. Machi 1974, na chini yake saini ya baba wa ubatizo, yenye mikia mirefu ya majivuno. Akaipeleka kwa kamati, watu watano waliokuwa wanakunywa kahawa. Akauchukua mkono wa Ninong, akauweka kwenye paji lake, akampa karatasi.

Mzee akaitazama saini yake mwenyewe bila kupepesa.

"Karatasi ya kanisa si ya serikali, Dong."

"Lakini Ninong, hiyo ya serikali uliitengeneza wewe."

"Mimi?" Akawageukia wenzake. "Mnamsikia? Nilimwokota kwenye nyasi, leo ananivua nguo mbele za watu. Kama alidanganya umri, alidanganya yeye!"

Wawili kati ya wale wanne walikuwepo ile siku ya viatu, wakapiga makofi. Leo walikuwa wanakoroga kahawa isiyo na sukari. Aibu iliyoje!

Teryo akatoka mpaka ukumbini, akafungua kabati, akarudi na lile kombe, akalitua mezani mpaka vikombe vikaruka.

"Basi najihesabia pigo mwenyewe. Nilikuwa na kumi na tisa. Kombe si langu, na jina langu lifuteni."

"Litafutwa!" Ninong alifoka, mishipa imemtoka shingoni. "Leo hii! Herminia, andika: kamati imelifuta jina la Eleuterio Dalagan, aliyezaliwa sabini na nne, kwa kuwa alizidi umri. Gonga muhuri. Fundi alete rangi."

Bi Herminia akaandika, wote watano wakasaini bila kusoma mara mbili, naye akagonga muhuri. Fundi alikuwa ukumbini tayari, akipaka rangi ya kahawia juu ya dhahabu ya miaka thelathini na moja. Teryo alisimama akaangalia mpaka herufi ya mwisho ikaisha. Machozi yalimtoka, na hakuyaficha.

"Naomba nakala," akamwambia Bi Herminia.

Akapewa. Akaiweka juu ya fomu yake, akazisukuma zote mbili mbele ya katibu tena.

"Hii si ya kanisa, Bi. Ni ya kamati yenu. Nisomee nilizaliwa lini."

Bi Herminia akasoma kimoyomoyo. Akakohoa. Akasoma tena, safari hii kwa sauti, "aliyezaliwa sabini na nne," kisha akageuka polepole kumtazama mwenyekiti. Mmoja wa wale wanne akacheka, akajifanya amepaliwa na kahawa.

Don Amancio akafanya alilozoea. Akaunyoosha mkono wake, vidole vimelegea, ili uchukuliwe, uwekwe kwenye paji, yaishe.

Teryo akautia kalamu.

"Saini fomu, Ninong," akasema. "Ileile ya kanisani."