Nukta ya Pembeni

Nesi Rebeka alikabidhiwa simu ya mradi wa kifua kikuu mwaka 2008, wakati magoti yake yalikuwa yameshaikinai barabara ya Kilambo. Ilikuwa nene kama kipande cha sabuni ya mche. Ukiiwasha, kioo kilijaa nukta. Kila nukta ilikuwa mtu mmoja, na mstari kati ya nukta mbili ulikuwa undugu au kuishi nyumba moja. Mgonjwa wa kifua kikuu alikuwa nukta nyekundu. Nesi akifuata mistari yake, aliwajua wa kuwapima.

Ndivyo walivyoelezwa kwenye semina. Mkononi mambo yalikuwa mengine. Ukitazama kijiji kizima, mistari ilisongamana kama uzi uliochezewa na paka. Ukikuza nyumba moja upate kusoma majina, majirani wote walitoweka ukingoni. Siku nyingi Rebeka alirudi nyumbani macho yakimuwasha, na hakuna alichokiona kikamilifu.

Alhamisi moja Dickson, kijana wa kompyuta aliyeletwa na mradi kutoka Dar es Salaam, alimwita ofisini.

"Mama, una nukta nyekundu Kilambo haina hata mstari mmoja. Jina lake Sikudhani. Mtu gani huyo hana mama, hana shangazi?"

"Alikuwa akija zahanati na bibi yake, akaandikwa naye tu. Bibi amefariki."

"Basi kahama. Kesho jioni nafuta nukta zote za peke yake, zinaharibu picha. Hata wewe uko peke yako pale pembeni. Shukuru wahudumu siwafuti." Akacheka.

Rebeka naye akacheka, maana kununa kunachosha zaidi. Alikuja Mtwara kutoka Singida akiwa msichana, kwa barua ya kupangiwa kituo. Mume alirudi kwao. Yeye aliomba uhamisho mpaka akachoka kuomba.

Lakini dawa zilitolewa kwa kufuata picha ile. Nukta ikifutwa, pakiti haiji, na Sikudhani alikuwa hajamaliza dozi. Dawa za kifua ukizikatiza, ugonjwa hurudi ukiwa umeshazizoea.

Kesho yake akaenda Kilambo, nyumbani kwa Zainabu, binti wa yule bibi marehemu. Alimkuta uani akimenya mihogo.

"Namtafuta Sikudhani," alisema baada ya salamu.

Kisu kikasimama. "Humu hamna mtu wa jina hilo."

"Zainabu, si huyo hapo nyuma yako? Nimempa vidonge kwa mkono wangu."

"Huyo ni Somoe. Na hilo jingine usilirudie uani kwangu, sista."

Msichana alikuwa amevaa khanga mpya, kichwa kimenyolewa na kinang'aa mafuta. Hapo Rebeka akaelewa, akaona aibu. Wasichana walikuwa wametoka unyagoni. Jina la utoto hubaki huko, mwali hurudi na jipya. Kumwita mwali kwa jina hilo ni kumvua nguo mbele za watu. Ngoma alizisikia kila mwaka. Mwaka huu alizisikia akiwa amelala, akageukia upande wa pili.

"Nisamehe, mwanangu," alimwambia msichana.

"Umekula magunia mangapi ya mihogo yetu?" Zainabu alisema, sasa akicheka. "Na bado mgeni!"

Rebeka aliketi, akawaonyesha kioo. Nesi mwingine alikuwa amemwandika Somoe majuzi: nukta ya kijani ya asiye mgonjwa, imeshikana vizuri na mama yake, Zainabu. Ile nyekundu ilikuwa mbali ukingoni. Ili kuziona zote mbili ilibidi apunguze picha mpaka majina yasisomeke.

"Huyu mwekundu ndiye anayekunywa dawa?" Somoe aliuliza.

"Ndiye."

"Basi msimfute. Lakini msimwite."

Simu haikumruhusu nesi kubadili jina. Ilimruhusu kuchora mstari tu, kisha ikamuuliza undugu: mama, mtoto, mume, mke, ndugu, jirani. Mtu na yeye mwenyewe hawakuwamo. Rebeka aliisoma orodha mara mbili, akachagua "ndugu". Nukta nyekundu ikajivuta polepole kutoka pembeni, ikatulia ubavuni mwa ile ya kijani.

"Kumbe nimezaa pacha!" alisema Zainabu. "Na wote wanakula kwangu?"

"Mmoja ugali, mwingine vidonge."

"Na wewe uko wapi humo?"

Rebeka aliitafuta nukta yake, akamwonyesha.

"Mbona huko mbali? Sogea."

"Magoti, Zainabu," alijibu, akaizima simu kuokoa chaji.

Jioni ile Dickson alifuta alizofuta. Ile nyekundu ikabaki.

Mwezi uliofuata pakiti ilikuja na jina la zamani, limepigwa chapa kubwa. Kabla ya kupiga hodi kwa Zainabu, Rebeka alilifunika kwa kidole gumba. Hakukiondoa mpaka Somoe alipomaliza kumeza.