Nilivyofunga pompi mbili za maji ya moto, mama mukwe akiwa nyuma ya ukuta

Wakuu wa humu, salamu kutoka Baraka. Haya yamenipata mimi mwenyewe. Pale nitakapoonekana mjinga ndipo muamini zaidi, maana hakuna anayejitungia ujinga wa namna hii.

Mimi ni mtu wa nyumbani. Nikifika Mboko tu, mji wa jirani, nakumbuka kiti changu.

Basi mke wangu Salima akajifungua, mtoto wa kwanza. Mama yake akavuka ziwa kutoka Ubwari kuja kumkanda kwa maji ya moto, asubuhi na jioni.

Kwetu, mukwe haingii alimo mama mukwe, wala hawasemeshani uso kwa uso. Mtu wa nyumbani nikahamia uani, kwenye kibanda cha kuni.

Siku ya nne ndoo ikammwagikia mama mukwe mkono, ngozi ikababuka. Akamwambia Salima, kwa sauti ya kunifikia:

"Ndoo ingine sitainua. Kama hapa maji haikuje yenyewe, siku ya posho naenda na boti, mi na mutoto wangu na mujukuu. Batarudi mujukuu akianza kutembea."

Siku ya posho ni Jumamosi, wakuu. Ilikuwa Jumanne.

Nikajenga tanuru la matofali mwisho wa uwanja, pipa la maji juu yake. Tiyo mbili, yaani mabomba, hadi bafuni: moja ipeleke maji ya moto, nyingine irudishe yaliyopoa yakachemke tena.

Kwa kuwa ni mbali, nikatafuta pompi mbili ndogo za kusukuma maji, za plaki ya umeme wa jua. Moja nikaifunga mwenyewe huku kwenye tanuru. Ya tiyo ya kurudi, kule bafuni, akaifunga shemeji Etabo, kaka yake Salima, maana mimi huko siingii.

Ili asikosee, nikaandika kwa rangi kwenye tiyo: KWENDA. KURUDI. Nikajiona injinia.

Ijumaa mchana tukawasha.

Mvuke ukapanda polepole. Pompi zikaanza kuimba, sauti nyembamba kama nyuki ndani ya usingizi. Nikafumba macho. Nikayaona maji yanakwenda, yanapinda kona, yanamfikia mwanangu, yananirudia yakiwa na harufu ya sabuni yake. (Najua, maji ya kuoga hayarudi tanuruni. Niacheni.)

"Shemeji," Etabo akaita, "huku ni baridi kama ziwa."

Huku kwangu pipa linatokota. Tiyo zinatetemeka, maji hayasogei. Tukahangaika mpaka jua likaanza kuinama, na boti ni kesho.

Nilikuwa nimefuata tiyo hadi ukuta wa bafuni, ndipo nikamsikia mama mukwe nyuma yake, anaongea na kichanga:

"Mujukuu, ulizia baba yako. Kurudi, ni kurudi wapi?"

"Kurudi kwa moto," nikaujibu ukuta.

"Etabo anasema ni kurudi nyumba. Mi nimeshika tiyo zote mbili, zote zinasukuma huku. Ambia baba yako, maji nayo iko kama yeye, inataka nyumba tu."

Salima akacheka mpaka mtoto akaamka.

Ni kweli. Mimi niliandika nikiwa kwenye moto, kurudi kwangu ni motoni. Etabo yuko ndani, kurudi kwake ni nyumbani. Pompi zote mbili zikawa zinasukuma kuelekea bafuni, maji yakabanwa katikati.

Etabo akageuza ya kwake.

Sikuona kitu, wakuu. Nilisikia tu tiyo zimetulia. Kisha robine ya bafuni ikafunguliwa, maji yakachuruzika, na Salima akashusha pumzi moja ndefu, ya mtu anayeingia kwenye maji ya moto. Nikaweka kiganja kwenye tiyo ya kurudi. Vuguvugu. Nikabaki hapo, sijui kwa muda gani.

Jumamosi boti ikaondoka bila wao. Mama mukwe akamwambia mjukuu wake: "Maji ikiwa hivi, mi sina haraka."

Somo: kwenye tiyo usiandike neno linalotegemea umesimama wapi. Sasa zimeandikwa KWA MOTO na KWA MAMA.

Mliowahi kufunga mfumo kama huu, semeni kama pompi moja ingetosha. Na mliowahi kulala kibanda cha kuni zaidi ya mwezi, mlitandika nini chini?